Maoni Yetu Yalifika Wapi?

Karatasi ya kwanza kupitishwa ukumbini haikuwa rasimu tuliyoitiwa. Ilikuwa karatasi ya mahudhurio: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, kikundi unachotoka, sahihi. Ilianzia mstari wa mbele, walikoketi viongozi wa mashirika ya mjini, ikazunguka mpaka nyuma tulikokaa sisi wa vikundi vya vijijini. Bibi mmoja aliyekuwa pembeni yangu, mkulima wa mwani ambaye viganja vyake vimekakamaa kwa chumvi, aliishika kwa vidole viwili akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, haya ndiyo maoni yenyewe?" Nikamwambia la, hii ni ya kuonyesha kwamba tumekuja. Akaweka sahihi polepole, herufi baada ya herufi, kama alivyofundishwa kwenye ngumbaru.

Rasimu ilifika baadaye, nakala chache za kugawana, imeandikwa yote kwa Kiingereza. Ilihusu mkakati wa serikali wa kuyasaidia mashirika ya kijamii na ya kujitolea, na walioitwa kuisemea ndio hao hao wanaoyaendesha: vikundi vya akina mama, vikundi vya vijana, kamati za maji, kamati za wavuvi, wahudumu wa afya ya jamii. Wengi wao hawakuweza kuisoma. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Siku ile kilitumika kutukaribisha na kutuaga, lakini mambo yenyewe yalizungumzwa kwa lugha nyingine.

Waliofika pia walikuwa wachache kuliko waliostahili kufika. Mkutano uliitishwa saa nne asubuhi, siku ya bamvua. Anayeishi hapa pwani ya kusini, Kwale, anaelewa maana yake bila kuambiwa. Siku za bamvua maji hutoka mbali kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hizo ndizo saa za mwani. Akina mama wako nje huko, maji yakiwafika magotini, wanafunga mbegu kwenye kamba, wanakaza vigingi, wanajaza magunia. Wanaotafuta pweza wako mwambani. Maji yakianza kujaa kazi imekwisha, na aliyeikosa ameikosa mpaka kesho. Aliyepanga tarehe ile simdhanii nia mbaya hata kidogo. Kalenda ya ofisini kwake haionyeshi mwezi mchanga wala mwezi mpevu. Lakini angemuuliza mtu mmoja tu wa ufuoni, angeambiwa asogeze mkutano wiki moja mbele, wakati wa maji mafu, na ukumbi usingetosha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisema kwamba swali la kwanza katika kutafuta maoni ya watu huja kabla ya rasimu. Ni swali la saa na siku: lini mnaweza kuja? Asiyeuliza hilo ameshachagua nani atasikika, hata kama hakukusudia. Nimelitumia hata nyumbani kwangu. Kikao cha jambo zito la familia sikiitishi jioni ambayo binti yangu yuko zamu hospitalini, kisha nikasema nilimtafuta nikamkosa.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu jambo tuliloitiwa ni kubwa. Vikundi havikuanzishwa na serikali, serikali ilivikuta. Ukambani kulikuwa na mwethya kabla ya ofisi yoyote ya maendeleo ya jamii, watu wa mtaa mmoja wakisaidiana kulima na kujenga, na baadaye wakachimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kwenye milima ya Machakos. Katikati ya nchi, miaka ya 1960, akina mama walichangishana senti wakaezekeana nyumba kwa mabati, leo kwako kesho kwangu, hata vikundi vyenyewe vikaitwa vya mabati. Uhuru ulipopatikana 1963, Mzee Kenyatta aliifanya harambee kuwa mwito wa taifa, na shule nyingi za sekondari zilisimama kwa michango na jasho la wazazi. Wengi waliokuwa ukumbini siku ile, na mimi mmoja wao, tumesomeshwa na jasho hilo.

Wala si historia tu. Hapa hapa Kwale, katika ghuba ya Gazi, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa ya kaboni mwaka wa 2013. Pesa zinazopatikana zimeingia kwenye maji ya bomba na vifaa vya shule, na wanaoamua zitumike wapi ni wanakijiji wenyewe wakiwa wamekaa pamoja. Mwaka wa 2017 mradi huo ulipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Watu kama hao hawaendi kwenye mkutano wa serikali kufundishwa maana ya kujitolea. Wanakwenda kueleza kazi yao inakwama wapi.

Hata hivyo neno "kusaidia" likitoka serikalini hupokewa kwa mioyo miwili, na kwa haki. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa 1952, kiliunganishwa na chama tawala cha KANU mwaka wa 1987, na akina mama waliokuwa wakikutana kwa mambo ya ufundi na usafi wakajikuta tawi la siasa. Mwaka wa 1989 Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977, alipinga kujengwa kwa jumba refu ndani ya bustani ya Uhuru Park. Alitukanwa bungeni, na vuguvugu lake likaamriwa kuondoka katika ofisi ya serikali lilimokuwa. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kuratibu mashirika yasiyo ya kiserikali. Mwenyekiti wa kikundi chetu, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa kubeba maji, anakumbuka jinsi watu wazima walivyoanza kunong'ona wakitaja neno "kikundi". Mtu wa namna hiyo ukimpelekea mkakati wa kumsaidia, atataka kwanza kujua utamwachia nini mikononi mwake.

Sasa, ndani ya ukumbi. Mgeni wa mezani alisoma muhtasari wa rasimu, akaufasiri nusu nusu. Maneno yaliyorudi mara kwa mara yalikuwa kujenga uwezo, uratibu, na mfumo wa takwimu. Ulipofika wakati wa watu kusema, walizungumza mambo mengine kabisa. Kijana wa kikundi cha usafi alieleza kwamba kikundi hakifungui akaunti ya benki bila cheti, kumbukumbu za kikao kilichochagua watia sahihi, na PIN ya mamlaka ya kodi, KRA, na kwamba ukishapata PIN usipowasilisha ritani kila mwaka, hata kama kikundi hakina mapato, faini inakungoja. Mama mmoja alisema nauli ya kwenda makao makuu ya kaunti ndogo kuhuisha cheti, kwenda na kurudi kwa viongozi watatu, ni zaidi ya ada yenyewe. Wengine waliuliza kuhusu Hazina ya Biashara ya Wanawake na Hazina ya Uwezo: kwa nini fomu ijazwe, ipokelewe, halafu kimya.

Mhudumu wa afya ya jamii naye akasimama, bado amevaa koti la kazi. Alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba bila malipo kwa muda mrefu kabla ya Septemba 2023, serikali ilipozindua wahudumu zaidi ya 100,000 nchi nzima, wakapewa mikoba ya vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Alisema posho ile imemheshimisha mbele ya watoto wake, akaishukuru. Kisha akasema jambo ambalo lilifaa kuwa ukurasa wa kwanza wa rasimu: anayejitolea naye hula, hupanda boda, hununua dakika za simu; kwa hiyo mkitaka tujitolee, msituache tujitolee pamoja na unga wa watoto. Ukumbi ulimpigia makofi. Niliangalia kama kuna aliyeandika maneno yake. Kijana wa mezani alikuwa akipiga picha.

Ndipo bibi yangu wa mwani akanyoosha mkono. Alisimama, akajifunga leso upya, akasema, "Mimi sina maoni mapya. Yale ya mkutano wa nyuma nilisema mwenyewe, nikashikiwa kipaza sauti. Nataka kujua yalifika wapi." Alijibiwa kwa adabu kwamba maoni yote yalichukuliwa na yatazingatiwa. Akaketi. Hakukasirika. Lakini aliponiinamia baadaye aliniambia, "Mwanangu, hao wamechukua. Hawajajibu."

Tofauti hiyo kati ya kuchukua na kujibu ndiyo iliyonifanya niandike.

Kisheria hatupungukiwi sana. Kifungu cha 10 cha Katiba kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe watu katika kazi zake. Mwaka wa 2014, Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Alisema haitoshi kutoa tangazo na kungoja. Kaunti inapaswa kuwafuata watu waliko, makanisani, misikitini, mahekaluni, kwenye baraza na kwenye redio za lugha za nyumbani. Mwaka wa 2019 Mahakama ya Juu Zaidi, katika kesi ya kampuni ya sigara, ikaeleza kwamba ushirikishwaji lazima uwe wa kweli, watu waelewe kinachozungumzwa, na wapewe nafasi ya kweli ya kukibadilisha. Huhitaji kuwa wakili kuelewa hukumu hizo. Ukizisoma utadhani majaji walikuwa wamekaa nasi pale nyuma.

Mahali sheria ilipotuacha njiani ni kwenye jibu. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa, ikiamua kesi ya Sheria ya Fedha ya 2023, ilisema Bunge linapaswa kueleza kwa nini limekubali au limekataa maoni ya wananchi. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu Zaidi ikaitengua hukumu hiyo, ikasema Katiba haikuweka wajibu wa wazi wa kutoa sababu. Naiheshimu mahakama hiyo, na najua kazi ya kujibu maelfu ya watu si ndogo. Lakini kwa mtu aliyetembea kutoka ufuoni kuja kusema, sababu ndiyo heshima pekee anayoweza kurudi nayo nyumbani. Bila hiyo, karatasi ya mahudhurio imefanya kazi moja tu: imegeuza miguu yake kuwa ushahidi wa jambo ambalo hakuliamua.

Na hata jibu likija, kama maoni yamekubaliwa na kuwa sheria, safari haijaisha. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyokuja kuchukua nafasi ya ile ya 1990 ya kuratibu mashirika yasiyo ya kiserikali, ilisukumwa na mashirika yenyewe, yakakutana, yakabishana, yakaandika. Rais Kibaki aliitia sahihi tarehe 14 Januari 2013. Ndani yake serikali inatakiwa kuweka mazingira mazuri kwa mashirika na kuyahusisha katika kutunga sera zinazoyagusa. Lakini sheria hiyo haikuweza kuanza mpaka tarehe ya kuanza itangazwe, na tarehe haikutangazwa. Mwisho wa mwaka huo huo likaletwa pendekezo la kuyazuia mashirika kupata zaidi ya asilimia 15 ya fedha zao kutoka nje, Bunge likalikataa. Mwaka wa 2016 Mahakama Kuu ikaamuru sheria ianze. Haikuanza. Ilianza tarehe 14 Mei 2024, miaka 11 na miezi 4 baada ya kutiwa sahihi. Walioitetea hawakuacha kuuliza miaka yote hiyo. Kila serikali mpya waliiuliza, kila waziri mpya walimuuliza. Nikisikia kijana akisema kutoa maoni ni kupoteza muda, humsimulia habari hiyo kwanza, kisha tunaendelea.

Kikundi chetu chenyewe kina jambo ambalo ofisi kubwa zingeweza kujifunza, na halihitaji mfadhili. Tunakutana chini ya mwembe. Kasha la pesa lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa akina mama watatu wa nyumba tatu tofauti. Baada ya dua, kabla kasha halijafunguliwa, kabla ya hisa na faini na mikopo, katibu husoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Katibu ni mimi. Nasoma nani alisema nini na nini kiliamuliwa. Kisha tunaingia kwenye yatokanayo, na hapo hakuna anayeponyoka. Nani alitumwa kwa chifu? Alikwenda? Alijibiwa nini? Kama ofisi ilikuwa imefungwa, anasema ilikuwa imefungwa, inaandikwa, na anatumwa tena. Mapendekezo yaliyokataliwa nayo yanasomwa, pamoja na sababu. Ajenda mpya haiguswi mpaka ya zamani imepata jibu au imepata mtu wa kuifuatilia.

Niliona nguvu ya desturi hiyo kwa mama mmoja aliyejiunga akiwa mkimya mno, mjane, anakaa ukingoni mwa mkeka kama aliyekuja kumngojea mtu. Siku moja alisema, kwa shida, kwamba mwani unaoanikwa mchangani unashika mchanga na bei inashuka. Afadhali tutengeneze vichanja. Sentensi moja tu. Kikao kilichofuata nikasoma: "Mama Fulani alipendekeza vichanja, imekubaliwa tutafute miti ya mikandaa iliyokauka kwa ruhusa ya wahifadhi." Aliposikia jina lake likisomwa, aliinua uso, akatutazama mmoja mmoja. Tangu siku hiyo hakukaa tena ukingoni. Hakuna semina iliyomfundisha kujiamini. Aliyasikia maneno yake yakirudi yakiwa yamebeba matokeo.

Nikiwa mwalimu nilizoea kufikiri kwamba watu wasiosema hawana la kusema, au wanaona haya. Kikundi kimenifundisha kwamba wengi wao wameshasema, mahali fulani, kwa mtu fulani, na hawakuona tofauti yoyote. Wamefanya hesabu yao wakanyamaza. Tunasema penye wengi hapaharibiki neno, na ni kweli, ila wengi hao wawe wanarudishiana majibu.

Kuna mtego mwingine, na huu niliujua nyumbani kwetu kabla sijausikia ukitajwa kwenye mambo ya serikali. Baada ya baba kufariki, kaka zetu walituita sisi dada kushauriana kuhusu shamba la minazi. Tulifika mapema, tukapita shambani kwanza kuzuru makaburi. Tukakuta mawe ya mpimaji yameshazikwa kwenye pembe, saruji bado mbichi. Kule barazani kulikuwa na mnunuzi tayari, chai, mahamri, na maneno mazuri kuhusu umoja wa familia. Dada yangu mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hamkutuita tushauri. Mmetuita tuitikie." Baba mdogo, Mungu amrehemu, akasimamisha kikao palepale, akasema tutakutana tena Ijumaa ijayo na mnunuzi asiwepo. Kikao hicho cha pili ndicho kilichokuwa cha kweli. Shamba liliuzwa hatimaye, lakini kipande chenye kisima na makaburi kilibaki, kwa sababu mtu alisema wakati jambo bado linaweza kubadilika.

Uingereza mahakama zao zililifikia wazo hilo hilo mwaka wa 1985, katika kesi ya wazazi wa Brent, London, waliolalamika kuhusu mpango wa shule za eneo lao: maoni yatafutwe mpango ukiwa bado unaundwa, watu wapewe maelezo ya kutosha na muda wa kutosha, na watakayoyasema yapimwe kwa dhamiri kabla ya kuamua. Miaka ya baadaye, mwaka wa 1998, serikali ya huko na mashirika ya kujitolea waliandikiana mapatano yaliyotaka mashauriano yapewe muda unaofaa. Sisi rasimu tuliiona asubuhi, tukaisemea kabla ya chakula cha mchana. Na Waislamu wa pwani hatuhitaji kwenda mbali kiasi hicho. Katika Qur'ani kuna sura nzima inayoitwa Ash-Shura, na wanaosifiwa ndani yake ni wale ambao mambo yao huwa ni mashauriano kati yao. Kati yao, kabla ya saruji kumwagwa.

Nisingependa msomaji adhani maafisa wote ni sawa. Kijana mmoja wa ofisi ya kaunti alikuja kutuona chini ya mwembe, siku ya maji mafu, kwa sababu alipiga simu kwanza akauliza. Alikaa mkekani. Alikuwa na daftari la shule la kurasa 96, akaandika kwa Kiswahili, na kabla ya kuondoka akatusomea alichoandika tukamrekebisha mahali pawili. Tuliomba banda la kuhifadhia mwani, na tukaomba fomu za mikopo zije kwa lugha tunayoisoma. Baada ya muda akarudi. Fomu moja alikuwa ameshaitafsiri yeye mwenyewe. Kuhusu banda alisema hapana. Akatueleza kwamba kiwanja tulichokionyesha, kile ambacho sote tuliamini ni cha umma, kina hati ya mtu binafsi na kesi iko mahakamani. Kaunti haiwezi kujenga hapo.

Nilitazama nyuso za wenzangu nikitarajia manung'uniko. Mwenyekiti akamshukuru kwa kauli ndefu, akamwombea dua. Jioni hiyo hiyo walikuwa wameanza kuzungumza na kamati ya wavuvi kuhusu kona ya banda lao la samaki, ambayo haitumiki. Sababu ile ilituonyesha ukuta uko wapi, tukajua pa kupitia. Hapana iliyokuja na maelezo ilitufaa kuliko ahadi zote za ukumbini, na yule kijana akija leo na rasimu yoyote, akina mama wataacha shughuli zao wamsikilize. Nimeanza kuwajibu watoto wangu namna hiyo. Wakiniomba jambo nisiloweza, siwaambii tena "tutaona". Nawaambia hapana, na nawaambia kwa nini, halafu mara nyingi wao ndio wanaonionyesha njia nyingine.

Nami nina ombi kwa wanaoandika mikakati hii, ombi la mtu anayewatakia mema. Mkija, njooni rasimu ikiwa bado nyepesi, kwa Kiswahili, siku ambayo bahari na mashamba vinaruhusu. Karatasi ya mahudhurio pitisheni, ni haki yenu; lakini nambari zetu za simu mmeandika, basi zitumieni. Tumeni ujumbe hata wa mistari miwili: lile tumelikubali, hili tumelikataa, sababu ni hii. Mkutano unaofuata uanze kwa kusoma yale yaliyosemwa katika uliopita. Mkifanya hivyo tu, hamtahitaji soda wala nauli kutujaza ukumbini.

Na wewe uliye katika kikundi, ukiitwa tena kutoa maoni, nenda, hata kama uliwahi kwenda ukarudi mikono mitupu. Nendeni wengi, na msiwaache nyuma wale wanaokaa ukingoni mwa mkeka. Yaandikeni maoni yenu kabla, nakala mbili. Moja waachieni, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Liandikeni jina la afisa, na kabla hajafunga mkutano muulizeni mbele ya watu wote atarudi na majibu tarehe gani. Tarehe hiyo ikipita, mfuateni ofisini kwake mkiwa na nakala yenu mkononi.